Kipande cha Kanga Kilichopotea

Tangu Juni, mashine ya Tumu ya kukaushia nguo ilikuwa ikizunguka bure. Shuka zikitoka mbichi. Leo uzalendo ukamshinda. Akalichomoa bomba la kutolea hewa ya moto, akatia mkono mpaka kwenye tundu la ukutani.

Yalitoka manyoya ya nguo, kisha kanga. Kipande chake cha pili cha doti ya Tanga! Kwa ajili ya kanga hiyo alikuwa amemnunia wifi yake Sumaiya miezi miwili, akidhani kaiba, kumbe ni yeye mwenyewe aliyeitumia kuzibia tundu kwa nje, baridi ya Joburg ilipomzidi, akasahau.

Tumu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mashine ni nzima, wifi si mwizi! Akapiga simu.

"Wifi, njoo. Kipande kimoja changu, kimoja chako."