Sampuli ya Kujaribia Hadubini

Pale maabara walimwita Fundi Mbegu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na babake. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mbegu za uzazi za wanaume, na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja akikutwa na upungufu, Fundi alimpiga bega: "Jikaze, bwana, si wote tumejaliwa." Yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Apimwe nini, na fundi ni yeye? Nyumbani kwake mgonjwa alikuwa mkewe, aliyemeza dawa chungu miaka nenda miaka rudi, na asubuhi hiyohiyo alikuwa wodini ghorofa ya juu, akisubiri kupasuliwa mirija ya uzazi.

Siku hiyo ikaletwa hadubini mpya. Ili kuijaribu ilihitajika sampuli nzuri isiyo na shaka, na wateja walikuwa bado hawajafika. Fundi akacheka, akachukua kikopo, akaingia chumba cha pembeni. Hakuna aliyeshangaa, kwao hilo lilikuwa kama mpishi kuonja mchuzi wake.

Akadondosha tone kwenye kioo, akainama. Akarekebisha lenzi. Akafuta kioo, akaanza upya.

"Mashine mbovu hii," akasema. "Haionyeshi kitu."

Mkuu wa maabara, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaja akachungulia. "Mbona inaonyesha vizuri? Kuna seli za mviringo. Zimeanza kugawanyika, zikakwama njiani. Hakuna hata moja iliyoota mkia ikawa mbegu." Akainua kichwa. "Ya nani hii?"

Fundi akakifunika kikopo kwa kiganja. Yule mama akamwangalia, akaelewa.

"Tutarudia kipimo," akasema taratibu. "Lakini mkeo..."

Hakungoja amalize. Alipanda ngazi mbio, glavu bado mikononi, akamkuta mkewe ameshavishwa gauni la upasuaji na nesi anasukuma kitanda.

"Simama!" akapiga kelele. "Mke wangu, shuka. Huna ugonjwa. Ni mimi. Nimeona kwa macho yangu, ni mimi!"

Mkewe akajiinua kwa kiwiko. Hakulia.

"Nilikuomba upime mara moja tu," akasema. "Ukaenda kumwambia mama yako, mkacheka wote wawili."

Fundi akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Mkewe akaushika wa nesi.