Nyuki Mmoja Aliyehesabiwa Mara Tatu

Baridi ya mwaka ule haikuwa na adabu. Iliingia bila hodi, ikakaa, na kila watu waliposema sasa inaaga, ikavuta kiti. Asubuhi majani ya kabichi yalikuwa meupe kana kwamba yamemwagiwa unga, na mpira wa kumwagilia ulikuwa mgumu kama fimbo. Mwenye akili zake alibaki kitandani. Lakini wenye bustani za nyuma ya bohari la mbao, kila mmoja na kipande chake, walikuja vilevile, wakabanana ndani ya kibanda cha zana kuzunguka jiko la kuni lililotoa moshi mwingi kuliko joto, wakapiga domo.

"Jana ilishuka mpaka nyuzi mbili," Fundi Saa akatangaza. Huyu alikuwa ametengeneza saa maisha yake yote, na alipostaafu akahamishia wivu wake kwenye kipimajoto alichokitundika mlangoni mwa kibanda. Mtu mwingine haruhusiwi kukigusa, wala kukisoma kwa sauti.

"Mbili za kwako hizo," akasema Mpishi, mwanamke mnene mwenye kipande kilichojaa vitunguu, aliyepikia wagonjwa wa hospitali miaka thelathini. "Kwangu ilikuwa sifuri kavu. Vitunguu vyangu vimeniomba soksi."

"Vitunguu havina miguu."

"Na wewe huna utani. Ndiyo maana baridi inakupenda."

Mkunga alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Macho yake yalikuwa dirishani, kwenye kipande cha pili kutoka getini, ambapo palikuwa na mwaridi mmoja uliosimama uchi, miiba mitupu. Mwaridi ule haukuwa wake. Ulikuwa wa dada yake.

Mkunga alikuwa na miaka sitini na mitatu, amekwisha kuzalisha nusu ya mtaa, na bado dada yake alimwita "wewe mtoto". Dada mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mwalimu, kwa sababu hakuacha kuwasahihisha. Wawili hao walikuwa wamelima bega kwa bega miaka ishirini. Mwalimu alipoanguka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, mwanawe alikuja na gari akamchukua akaishi naye mbali, upande wa joto. Ilikuwa miezi saba sasa. Siku ya kuondoka, Mwalimu alishusha kioo cha gari akasema, "Mwaridi ukichipua, nijulishe. Nitakuja."

Hayo tu. Katika familia yao watu hawaambiani mambo ya moyoni. Kila Jumapili walipigiana simu, wakazungumza habari za mboji, konokono na bei ya mbegu, kisha wakaagana. Mkunga alikata simu kila mara, akaenda kusimama mbele ya lile koti la dada yake lililobaki nyuma ya mlango, kahawia, ambalo Mwalimu aliliacha vifungo viwili vimekatika. Alimkumbuka dada yake mpaka ikamuuma mbavuni. Kumwambia sasa! Neno lilifika kwenye ulimi likageuka konokono.

Basi akabaki na lile alilopewa. Mwaridi ukichipua, nitakuja.

Na mwaridi ule haukuwa mwaridi wa kununua. Mwalimu aliukata mlangoni kwa mama yao mwaka mama alipofariki, akaubeba umefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akaupanda. Aliutunza kwa sheria zake mwenyewe, na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hakuna kupogoa mpaka umewaona nyuki siku tatu mfululizo. Si mbili, tatu. Ukiupogoa mapema unauamsha, alisema, na ukiuamsha baridi haijaisha, ni sawa na kumtoa mtoto nje na maji ya kuoga mwilini. Bustani nzima ilifuata sheria hiyo. Hata Fundi Saa, ambaye hakukubali lolote la mtu.

Sasa katikati ya baridi ile kulitokea wiki tatu za jua, lile jua la uongo linalowavua watu masweta kisha linawacheka. Mkunga akiwa amechuchumaa kwenye kabichi zake, nyuki alipita. Nyuki mmoja, mnyonge, anayepepesuka. Mkunga akasimama akamtazama mpaka alipopotea. Kesho yake hakumwona. Keshokutwa hakumwona. Siku ya nne akachukua mkasi wa kupogolea akaenda kwenye mwaridi wa dada yake, na moyoni mwake akawa amemhesabu nyuki yule mara tatu.

Mikono iliyokata vitovu vya watoto wa watu haikutetemeka. Alikata, akakusanya matawi, akayachoma kwenye jiko kabla wenzake hawajafika. Baada ya siku kumi na mbili vikatoka vichipukizi vyekundu, vidogo kama ncha ya kiberiti. Mkunga alipiga simu palepale, na haikuwa hata Jumapili.

"Dada, umechipua!"

Mwalimu akacheka, kicheko ambacho Mkunga hakuwa amekisikia tangu ile nyonga. "Umechipua? Katika baridi hii? Huo ni chuma! Basi nakuja, mdogo wangu. Jumamosi mwanangu ana nafasi, ananileta."

Roho ya Mkunga ikaruka. "Nitatandika chumba chako."

"Usihangaike, hatulali. Nakuja kuuchukua. Huku mtoto ana uwanja mkubwa, tumeshachimba shimo. Nilikuwa nangoja tu kujua kama una nguvu, maana mwaridi dhaifu hauhamishwi, unafia njiani. Lakini kama umechipua sasa hivi, hata nikiupeleka mwezini utashika."

Mkunga akasema ndiyo. Akasema sawa. Akasema na msalimie mtoto. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kabichi, simu mkononi, akaangalia mbele asione kitu. Kumbe nitakuja ni neno moja na nitarudi ni neno jingine, na miezi saba yote yeye alikuwa akiyaimba kama ni mamoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga walimaliza. Mwaridi ukiondoka, dada hana tena cha kurudia. Labda yeye Mkunga, lakini nani husafiri siku nzima kuja kuona mtu asiyemwambia lolote ila habari za konokono?

Alhamisi jua la uongo likaondoka. Mchana mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kufutia jasho, na Fundi Saa aliingia kibandani amevimba kwa fahari.

"Leo inakwenda chini ya sifuri. Nimekaa nikiitazama inavyoshuka. Funikeni vitu vyenu, nimeshasema, msije mkanililia kesho."

"Mimi nimevifunika vitunguu kwa mapazia ya sebuleni," Mpishi akasema. "Jirani anaona ndani yote. Acha aone, atajua tunakula nini." Kisha akamgeukia Mkunga. "Shoga, na ule mwaridi wa Mwalimu? Nimeuona, una vichipukizi. Umekuwaje huo, umepagawa?"

"Umeamka tu," Mkunga akasema.

Mpishi alimtazama kidogo, akamimina chai. Alikuwa ameziona zile ncha zilizokatwa. Kuna habari za kusemwa, na kuna za kuachwa zipoe.

Jioni Mkunga akafunga geti akaenda nyumbani. Tusifichane, wazo lilimjia njiani, na halikuja kwa kunyata. Asipoufunika, utadhoofika. Ukidhoofika, hauhamishwi. Hakuna mtu duniani atakayemlaumu. Baridi ni baridi, imeua mangapi. Aliingia ndani, akavua viatu, akaweka maji jikoni. Maji yakachemka. Akayaangalia yanavyochemka mpaka yakakaribia kukauka. Akaona kitambaa chenye maji, na mikono ya dada yake imekishika njia nzima, siku ile waliyotoka kumzika mama.

"Ala! Mimi mtu wa namna gani?" akasema kwa sauti, peke yake jikoni.

Akalivuta blanketi la kitandani, lile zito, la pekee, akavaa viatu bila soksi akarudi mbio jua likizama. Aliuzungushia mwaridi vijiti vinne, akaufunika, akafunga kamba chini, akarundika majani makavu shinani mpaka ukawa kama mgonjwa aliyeketi. Vidole havikuwa na hisia tena. "Usife," akauambia. "Nenda naye, lakini usife."

Asubuhi alipofungua, vichipukizi vyote vilikuwa vyeusi. Vyote. Alivigusa vikavunjika kama majivu. Blanketi lingeutosha mwaridi uliolala, lakini huu ulikuwa umeamshwa, na hakuna blanketi la kumrudisha mtu usingizini. Mkunga akaufunika tena, kwa aibu, kama afunikavyo mtu maiti.

Fundi Saa, kwa wema wake mgumu, alipendekeza Mkunga anunue mwaridi mwingine sokoni auchomeke palepale. "Yule amekula chumvi nyingi, macho yake si yale."

"Huyo aliona kosa la nukta kwenye barua ya benki," Mpishi akasema. "Wewe mwambie ukweli, shoga. Akikupiga fimbo, sisi tupo."

Jumamosi gari likasimama getini. Mwalimu akashuka na fimbo mbili, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Mkunga alitaka kumkumbatia, lakini dada alikuwa ameshampita anachechemea kuelekea kipande chake. Mwanawe alikuja nyuma amebeba koleo na gunia la kufungia mizizi.

"Dada, ngoja kwanza. Sikiliza."

"Nimesikia, habari nzuri. Nani ameuvisha nguo?" Mwalimu akalivuta blanketi.

Fundi Saa na Mpishi walisimama mlangoni mwa kibanda wakijifanya wanasoma kipimajoto.

Mwalimu akatazama ncha zilizokatwa. Akatazama vile vyeusi. "Nani amepogoa?"

"Mimi."

"Nyuki uliwaona siku ngapi?"

"Moja."

"Moja!"

"Nyuki mmoja, siku moja. Nikamhesabu mara tatu."

Ehe! Mvua ikashuka. Mwalimu aligombeza kama enzi zile, fimbo moja juu, sauti inafika bohari la mbao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Miaka ishirini nakufundisha, wewe mtoto! Kichwa chako kina ubongo au mboji? Mwaridi wa mama! Mwanawe aliinamisha macho. Hata Mpishi alirudi nyuma hatua moja. Na Mkunga alisimama pale, machozi yanamtiririka, na Mungu amsamehe, alikuwa anasikia joto mwilini kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Hakutaka akome. Alitaka amgombeze mpaka jioni.

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza mwishoni, pumzi zimemwisha. "Wewe si mjinga. Kwa nini?"

"Nilikukumbuka," Mkunga akasema. "Nilikukumbuka, dada, mpaka nikakosa akili. Ulisema ukichipua utakuja. Nikaona hauchipui haraka."

Mwalimu alimpa mwanawe fimbo moja, akapinda goti taratibu, kwa maumivu, mpaka chini. Akaanza kulikwaruza shina kwa ukucha, kama walivyozoea kupima. Juu, kahawia. Katikati, kahawia. Akayaondoa majani makavu yaliyorundikwa shinani, akakwaruza karibu kabisa na udongo. Akakaza macho. Akasogea.

"Kijani," akasema.

Mkunga akapiga magoti kando yake. Kilikuwa kijani kweli, mstari mwembamba, unyevu.

"Nifunge mizizi?" mwanawe akauliza na gunia lake.

"Ufunge nini? Huu ni mgonjwa. Mgonjwa hahamishwi. Utakatwa mpaka hapa, utalindwa baridi yote hii, na joto lote, na kama utaiona baridi ijayo ukiwa na nguvu, hapo ndipo tutazungumza."

"Mwaka mzima, mama? Nani atautunza?"

"Nani? Huyu?" Mwalimu akamnyooshea mdogo wake kidole chenye udongo. "Huyu anayemhesabu nyuki mmoja mara tatu? Nimwachie huyu mwaridi wa mama? Nenda kashushe begi langu."

"Ulikuja na begi la siku moja."

"Basi utaniletea mengine."

Mkunga aliinamisha uso asionekane. "Usicheke," dada yake akamwambia. "Sijakusamehe."

"Sicheki."

"Unacheka."

Mwalimu akalivuta blanketi aufunike tena, kisha akasimamisha mkono. Akalishika lile pindo lenye mshono, akaligeuza. "Hili si blanketi la kitandani kwako?"

"Ndilo."

"Tangu lini liko huku?"

"Tangu juzi."

"Na wewe umelala na nini baridi yote hiyo?"

"Makoti," Mkunga akasema. "Langu. Na lako."

"Lile la kahawia? Lile halina vifungo."

"Vipo," Mkunga akasema. "Nilivishona ulipoondoka."

Mwalimu akaufunika mwaridi, akaikaza kamba chini. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe, na alipokwisha kusimama hakuuachia mkono wa mdogo wake.