Vipokezi vya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mwonja chai kiwandani. Anakula kwa pua yake, na pua hiyo iliziba wiki mbili kabla bosi hajawapima. Akishindwa kutofautisha harufu za vikombe kumi na viwili, anahamishiwa kubandika lebo. Alinieleza hayo akiwa ameegemea kaunta ya duka langu la dawa, akitaka chupa ya nne ya matone ya pua.

"Sikuuzii," nikamwambia.

"Dada, ile ya tatu imeisha nguvu."

"Haijaisha. Umezichosha seli."

Akaniuliza amezichosha vipi, kosa lake hilo. Mimi nikiulizwa habari ya dawa siachi mpaka mtu ajute.

"Mishipa ya damu puani ina seli, na seli zina vipokezi. Neva ikimwaga kemikali yake, kipokezi kinaidaka, seli inajikaza, mshipa unasinyaa, nawe unapumua. Dawa yako inaiga kemikali hiyo. Sasa wewe unaimwaga kila saa. Seli zimechoka kupigiwa kelele, zimevuta vipokezi ndani. Dawa inafika, hakuna wa kuipokea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ziache. Siku kumi bila tone, vitarudi."

Akaondoka amenuna. Baada ya saa moja nikampigia: umetia? Nikapiga mchana, nikapiga jioni, kesho yake vilevile. Siku ya tatu hakupokea. Ukaja ujumbe: "Dada, nimevuta vipokezi ndani."

Uliniuma, sifichi. Nimemlea yule tangu ana meno mawili, na kunyamaza sikuwahi kujifunza. Lakini somo lilikuwa langu mwenyewe, nikaufyata. Simu nikaifungia kwenye droo ya dawa za minyoo.

Siku ya kumi akaingia dukani. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Yeye akasimama, akageukia pazia la chumba cha nyuma.

"Dada, maziwa yako yanaanza kushika chini."

Mimi sikunusa kitu. Nikaenda kutazama, kweli, yalikuwa ndiyo kwanza yanashika. Nikarudi na sufuria mkononi, macho yamelowa, midomo nimeibana.

"Uliza tu," akasema. "Siku saba hujapiga. Nikadhani simu yangu imeharibika, nikaipeleka kwa fundi."