Mtamba wa Baba Mdogo

Daktari wa mifugo alivaa glavu ya plastiki iliyomfika begani, akasogea nyuma ya mtamba mwekundu. Mnyama alikuwa amebanwa katika kichochoro cha mabomba mlangoni pa machinjio, mbavu zimemtoka hata mtu angezihesabu akiwa barabarani. Kanuni ilikuwa moja tu: jike mwenye mimba hapiti. Kila jike alipimwa kwa mkono, na aliyekutwa tupu alipigwa muhuri wa buluu pajani, akaingia.

Leo mwenye mtamba alikuwa baba mdogo wa daktari, aliyemlea tangu hajaota meno. Mwezi huo alikwisha kuleta majike wanne. Huyu ndiye wa mwisho.

Mzee alisimama karibu mno, akisema chinichini kwamba mtamba ni tupu, dume hajamwona, daktari asijisumbue. Alisema hivyo mara tatu, na mara zote macho yake yalikuwa kwenye muhuri.

Foleni ilikuwa imefika getini. Msimamizi, ambaye wote walimwita Chapuchapu, alianza kugonga bomba kwa fimbo.

"Daktari," muuza nyama mmoja aliuliza, "umeangusha simu humo ndani?"

Watu wakacheka. Mkono wa daktari ulikuwa ndani mpaka kwapani. Vidole vyake viligusa kitu kikavikwepa, kisha kikarudi kuvigonga. Ukwato mdogo, laini bado.

Baba mdogo aliuona uso wake ukibadilika.

"Mwanangu, sema tupu," alinong'ona. "Malisho yamekwisha. Nikirudi naye watakufa wote wawili."

Malisho daktari aliyajua. Ardhi ya kutosha ng'ombe kumi na wawili ilikuwa ikilisha thelathini, mpaka nyasi zikang'olewa na mizizi yake na upepo ukaanza kubeba udongo. Kumi na wanane kati yao walikuwa maksai, wakubwa, pembe ndefu, ambao wapita njia walisimama kuwatazama. Kwa miaka mitatu alimsihi awapunguze. Mzee alijibu kwamba maksai ndio uso wake, majike watapatikana tu. Ukame ulipobana, akauza majike, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki huyu.

Neno moja tu, tupu, na mzee angeondoka na amani yake. Ndama angetupwa pamoja na matumbo. Wachinjaji wangeona, lakini hao walizoea kufumba macho. Mkono wa daktari ulikuwa umekufa ganzi. Aliuchomoa.

"Ana mimba ya miezi mitano," alisema, foleni nzima ikasikia. "Hapiti."

Waliokuwa wakicheka walimgeukia mzee.

"Unaniaibisha mbele za watu," mzee alisema. "Mimi niliyekubeba mgongoni."

"Ukimchinja huyu, baba, zizi lako limekufa leo. Utabaki na maksai kumi na wanane, na hakuna hata mmoja atakayekuzalia."

"Nimlishe nini? Mawe?"

"Wanachokula wale maksai. Walete wangali na nyama. Mwezi ujao watakuwa ngozi na pembe, na hiyo ardhi haitaota tena kitu."

Chapuchapu aligonga bomba: kuingia au kutoka, moja. Mzee aliweka kiganja mgongoni mwa mtamba. Daktari alikuwa ameushika muhuri. Kama mzee angemsukuma mtamba mbele kwa nguvu, hakujua angemzuia vipi baba yake.

Mzee alizunguka mbele, akamsukuma kifuani, hatua kwa hatua, arudi kinyumenyume asije akateleza kwenye saruji iliyolowa. Daktari hakuagwa. Lakini pale getini mzee alisimama, akamuuliza Chapuchapu kama kesho wanapokea maksai.

"Wangapi, mzee?"

Mzee alikunja vidole vya mikono yote miwili, kimoja kimoja.

"Kumi," alisema hatimaye. "Na waambie watu wako wanoe visu. Hao si mbuzi."