Kompyuta Iliyokataa Watoto Wawili

Penina alikuwa anachapa, amefika kwenye "ameacha mjane na watoto wawili" pale kompyuta ilipojizima na kujiwasha tena yenyewe. Mengine yote ilikuwa imeyapokea vizuri tu: tarehe ya kuzaliwa, kipaimara, namba za nyimbo, hata ule uongo kwamba marehemu Abdiel hakuwahi kugombana na mtu. Ikifika kwenye watoto, giza.

Steshenari yake iko Daraja Mbili, na ratiba ya mazishi ilitakiwa siku hiyohiyo, maana Abdiel, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alikuwa anazikwa kesho yake mgombani kwake Akheri. Mdogo wake marehemu, Melkizedeki, alikaa kwenye benchi akilalamika kwamba mashine nzuri haifanyi hivyo. Penina akamjibu kwamba mashine ni nzuri, labda maneno.

Akaitwa fundi Godbless. Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akasugua memori kwa ufutio wa penseli, akabadilisha pawasaplai na waya wa ukutani. Akaijaribu kwa tangazo la mayai, ikatulia. Akaandika watoto wawili, ikajizima. Ndipo akainama kuangalia kitufe cha kuwashia, akamkuta marehemu amechuchumaa chini ya meza, kavaa suti ya kuzikiwa, kidole gumba juu ya kitufe.

"Shikamoo mzee," alisema Godbless.

"Marahaba. Andikeni watatu."

Godbless akarudisha skrubu zake, akasema mashine haina ugonjwa.

Wa tatu alikuwa Elinipa, ambaye Abdiel alimzaa na mwanamke wa Kisongo, si mkewe, akawa anampelekea sare za shule kwa mlango wa nyuma. Melkizedeki alimsihi kaka yake aangalie heshima ya ukoo; mzee wa kanisa hapati mtoto akiwa jenezani. Abdiel akasema hakumpata jenezani, jenezani amepata nafasi tu.

Habari zilimfikia Elinipa, akaja moja kwa moja kutoka sokoni. Alijua kinachofuata. Kaburini watoto huitwa kwa majina kama ratiba inavyosema, wakaweke mashada. Asiyeitwa ni mtu aliyekuja kuzika tu, na kule Akheri atabaki hivyo mpaka naye azikwe. Akachuchumaa karibu na baba yake.

"Baba, hapa chini ya meza unanijua. Kesho mbele za watu je?"

"Kesho nina shughuli," alisema marehemu.

"Siku zote ulikuwa na shughuli."

Abdiel akaangalia waya. Kwa hilo hakuwa na kitufe.

Mochwari hufungwa mapema, ikabidi marehemu arudi. Alipotoka, mashine ingekubali chochote, lakini Penina akaichomoa ukutani, akasema kwake leo basi. Melkizedeki akavuka barabara, na duka la pili likamchapia watoto wawili, tena kwa rangi.

Kesho yake, watu walipopita kutoa heshima za mwisho, marehemu alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele. Mjane wake akautoa kwa leso, akaikunja leso, jeneza likafungwa.

Baada ya kaburi kufukiwa, mwongoza ratiba akamwita mtoto wa kwanza, akamwita wa pili, akakunja karatasi. Elinipa akatoka katikati ya watu na shada lake, akaliweka, akabaki amesimama pamoja na wale wawili. Mwongoza ratiba akasema kwenye kipaza sauti kwamba familia inamshukuru jirani.

"Mimi ni mtoto wa tatu," alisema Elinipa.

Hakupewa kipaza sauti. Waliokaa nyuma kwenye maturubai hawakusikia, na ratiba zilizokuwa mikononi mwao zilisema wawili. Kwaya ikaambiwa ianze. Elinipa akasubiri ubeti wa kwanza uishe, akarudia.