Chavua ya Langoni

Binadamu hudanganya, chavua haidanganyi. Hayo yalikuwa maneno ya Adventina, na aliyasema mara nyingi, maana hakuwa na mengi ya kusema wala mtu wa kumwambia. Kazi yake pale Gitega ilikuwa kuchungulia asali kwa hadubini. Wafuga nyuki wa Bugendana na Mutoyi walileta asali yao, naye akawaambia nyuki wao walitembelea maua gani. Chavua, ule unga wa maua, ina ganda gumu lisilooza upesi, na kila ukoo wa mimea una umbo lake. Ya alizeti imejaa miiba. Ya mahindi ni mviringo wenye tundu moja. Ya murinzi, ule mti wa maua mekundu ambao wazee walipanda langoni ulinde nyumba, ina matundu matatu.

"We Adventina," Fatuma, mwenye nyumba wake pale Nyamugari, alimtania, "unajua ukoo wa kila ua, na ukoo wako iko wapi?"

Adventina alicheka, kisha akaingia chumbani kwake akala peke yake. Utani ule ulimchoma, Fatuma hakujua.

Mama yake alifia kambini, Tanzania, akazikwa hukohuko. Alimwachia kitambaa chenye fundo, na ndani yake ua lililokauka hata likawa vumbi la kahawia. "Nililichuma langoni kwetu Muyinga siku tuliyokimbia, wewe ukiwa mgongoni," alimwambia. "Ukirudi, lirudishe."

Amani ikaja, watu wakarudi, na Adventina akarudi. Lakini arudi wapi hasa? Huko Muyinga alimkuta baba yake mdogo, Audax, aliyekimbia pamoja nao akiwa mtoto na kutangulia kurudi, mvi kichwani. Kilima kizima kilikuwa migomba na maharage ya watu. Audax akamwonyesha kisiki cha murinzi. "Nadhani ni hapa, mwanangu. Lango letu lilikuwa na murinzi. Lakini siapi."

Wakakubaliana kuganduka hapo, yaani kuvua msiba wa mama, na kuzika lile ua badala ya mwili. Ila Adventina alikataa kumzika mama yake kwa kubahatisha. Ua likiwa la murinzi, basi amepata kwao. Lisipokuwa, hana kwao popote.

Jumamosi moja, maabara ikiwa tupu, akafungua fundo. Akaweka vumbi kidogo chini ya kioo, akainama. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akaona la nne. Akasogeza kioo, akatazama chembe nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa na manne. Lo! Alilinganisha na sampuli za rafuni mpaka akaipata iliyofanana nayo. Mwarobaini.

Akakaa chini. Kule kilimani hakuwahi kuona mwarobaini hata mmoja. Alioujua yeye ulikuwa mbele ya kibanda chao kambini, na chini yake mama alikuwa akimsuka nywele.

Siku ya kuganduka ilipofika akaenda hivyohivyo. Pombe ya mtama ilikuwa tayari, majirani wameketi karibu na kisiki. Akamvuta Audax pembeni.

"Si murinzi, baba mdogo. Mama alinidanganya."

"Kitambaa kilichotoka hapa, na ua lake, kilichukuliwa na maji ya mto Ruvubu," Audax akasema. "Niliona kwa macho yangu. Mama yako alitaka kukifuata majini, watu wakamshika. Wewe ulipoanza kusema, kutwa ulikuwa unamwuliza, kwetu wapi, kwetu kuna nini. Mikono mitupu, mwanangu, angekujibu nini?"

Adventina akalia. Alimkasirikia mama, kisha akatamani awe hai, maana angemsamehe palepale.

"Niwaambie watu waende?" Audax akauliza.

"Hapana. Waache."

Akapiga magoti kwenye kisiki, akachimba kwa mkono, akamwaga vumbi lote na kulifukia. Labda siku moja, yeye akiwa amekufa zamani, mtu mwenye hadubini atauchukua udongo wa hapa. Atakuta chavua ya murinzi, na katikati yake chembe za matundu manne, za mti asiouona kilimani. Atajiuliza ni mgeni gani aliyezileta, na hatapata wa kumjibu.

Akarudi akaketi na watu. Mzee mmoja akamsogezea mrija wa pombe.

"Tumeambiwa wewe unapima maua kwa mashine," akasema. "Ulilipima hili?"

"Nililipima."

"Enhe?"

"Ni murinzi," akasema Adventina. "Ndipo hapa." Akapokea mrija, akanywa.