Kitambaa cha Dirisha la Tatu

Mara ya nne nilipofika dirisha la tatu, karani alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya fomu ya mtu. Akakitazama alichokitoa, akakipangusa kwenye suruali.

"Bibi, wewe tena? Ung'ang'anizi huu utakuua."

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Shikamoo. Leta vidole."

Hakimu alikwishaamua kwamba mjukuu wangu, yatima wa binti yangu, akae kwangu. Ilibaki alama ya kidole tu, nayo mashine ilikuwa imenikataa mara tatu. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Ikipita, mtoto anapelekwa kituo cha yatima, kwa watu asiowajua. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Kando ya mashine palikuwa na kitambaa cha kufutia vidole. Sijui kilizaliwa na rangi gani. Kiliteleza kama matumbo ya samaki, kikinuka jasho, mafuta ya nywele na kamasi za watu. Mara tatu nilikuwa nimekishika kwa adabu. Miaka arobaini nimefua nguo za watu, hata mashuka ya wagonjwa, lakini sijaona uchafu uliozoeleka vile.

Nikabonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

"Vidole vyako vimeliwa na sabuni," karani akasema. "Mashine haidanganyi."

"Haidanganyi, lakini inaona?" Kioo chake kilikuwa na utando kama sufuria ya jana.

Mzee nyuma yangu akacheka. "Hata mimi imenikataa, na mimi nilikuwa mwalimu. Sijawahi kufua hata leso."

Nikatoa mkobani kitambaa changu cheupe, nilichokichemsha nyumbani kwa kazi hiyo.

"Wee bibi! Kioo kinasafishwa na fundi tu. Ni kanuni!"

"Fundi alikuja lini?"

Mlinzi, mama aliyenipisha kiti chake safari zote tatu, akainua macho darini. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Nikafuta. Ukatoka ute wa njano, na unywele wa mtu ndani yake. Nikaweka kidole. Nyekundu. Kingine, na kingine, hadi cha tisa. Nyekundu.

"Unaona?" karani akatabasamu.

Kikabaki kidole gumba cha kushoto, ambacho hakisugui, hushikilia nguo tu.

Kijani.

Akagonga muhuri kwenye karatasi yangu bila kunitazama. Kisha akachukua kile kitambaa chake, akajifuta jasho la shingo, akakirudisha pale pale. "Anayefuata!"

Nikampa mwalimu changu. "Anza na upande huu, kaka. Bado ni safi."

Nyumbani, mjukuu wangu alinikimbilia mlangoni, mikono wazi. Nikaishika karatasi juu, kwa ncha za vidole viwili.

"Umenipata, Bibi?"

"Nimekupata. Lakini usiniguse bado. Niletee maji na sabuni kwanza."